Ziba Ufa, Usizibe Pumzi ya Nyumba

Ndugu msomaji, wenzetu waishio Njombe, Mbeya, Mafinga au Lushoto hawahitaji kuambiwa maana ya usiku wa mwezi Julai. Miongoni mwao wamo wanaokaa katika nyumba za zamani zenye sakafu za mbao zilizoinuliwa juu ya ardhi na kubebwa na boriti. Madirisha wameyafunga na mapazia wameyashusha, lakini upepo huwapuliza nyayo kana kwamba mlango umeachwa wazi.

Chanzo chake si siri. Mbao ikikauka husinyaa kwa upana, na mvua zinapokuja hutanuka tena. Miaka ikipita, ubao huachana na mwenziwe. Hewa ya joto iliyomo chumbani hupanda na kutokea darini, na mahali pake huingia hewa baridi kutoka chini ya sakafu.

Kabla ya kuziba, tafuta pa kuziba. Siku yenye upepo, washa udi na kuupitisha taratibu juu ya sakafu na kandokando ya kuta. Moshi unapoyumba, tia alama ya chaki. Usishangae ukiona kwamba upepo mwingi hupenya pale sakafu inapokutana na ukuta. Kisha dunga mbao kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kwa urahisi, ubao huo umeliwa na mchwa au umeoza. Mwite seremala aubadilishe kwanza.

Mianya myembamba huzibwa kwa vumbi la mbao lililochanganywa na gundi ya seremala, kisha hupigwa msasa likikauka. Mianya mipana zaidi yafaa kamba ya katani. Chagua kamba iliyo nene kidogo kuliko mwanya, uisukume ndani kwa kisu butu. Katani hubonyea mbao zinapotanuka, lakini usiishindilie kupita kiasi, kwani mbao zikikosa nafasi husukumana na kuinuka. Mwanya mkubwa kabisa hutiwa kipande chembamba cha mbao, kilichopakwa gundi upande mmoja tu, ili ubao wa pili uweze kucheza. Ukimaliza, tandika mkeka au zulia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, si kila tundu ni ufa. Chini kabisa ya kuta za nje za nyumba hizo utaona matundu yaliyowekwa na waashi kwa makusudi. Hiyo ndiyo pumzi ya nyumba. Hewa ipitayo humo hukausha unyevu chini ya sakafu. Ukiyaziba, boriti zitaoza kimyakimya, nawe utajua siku mguu utakapotumbukia. Ukiogopa panya, weka wavu wa waya.

Liko jambo moja kubwa kuliko yote haya. Katika nyumba nyingi za nyanda za juu, jiko la mkaa huingizwa chumbani usiku ili watoto wapate joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikivutwa, hushika damu mahali pa oksijeni. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyelala huenda asiamke. Kwa hiyo, chumba ulichokiziba vizuri ni hatari zaidi kwa jiko hilo. Usidanganyike kwamba makaa yakiwa mekundu bila moshi yamekwisha kuwa salama. Sumu bado hutoka.

Akizidiwa mtu, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja na umpeleke hospitali. Usiingie na kubaki humo ukitafuta sababu.

Basi, ndugu msomaji, lipange jambo hili pamoja na jamaa yako. Baba na vijana wazibe mianya. Mama na baba wakubaliane kwamba jiko halivuki kizingiti cha chumba cha kulala, hata baridi iwe kali namna gani. Blanketi la ziada, soksi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa vitatosha. Sakafu isiyopitisha upepo ni raha, lakini raha hiyo haina maana ikiwa asubuhi mmoja wenu hataamka.

Tukutane Jumapili ijayo.