Kipindi cha Kwanza cha Tuisheni Kiwe cha Kupimwa

Watahiniwa wengi wa Kidato cha Nne huenda kwa mwalimu wa tuisheni binafsi na daftari jipya na kalamu tu. Mwalimu akiuliza, "Tuanzie wapi?" hujibu, "Popote tu, mwalimu." Kwa maoni yangu, jibu hilo ndilo linalopoteza fedha za mzazi.

Mwalimu huyo hakujui. Ukimwambia aanze popote, ataanza na mada ya kwanza, ambayo huenda tayari unaiweza. Nawe muda huna. Mtihani wa taifa hufanyika Novemba. Anayeanza tuisheni Julai, mara mbili kwa wiki, hapati zaidi ya takriban vipindi 40.

Ndiyo maana nasema kipindi cha kwanza kiwe cha kupimwa. Nenda na karatasi zako za mitihani zilizosahihishwa, hata yenye alama 18. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Karatasi unayoionea aibu ndiyo itakayomwonesha mwalimu pa kuanzia.

Tuchukue mfano wa Hisabati. Mtahiniwa anasema, "Milinganyo siielewi kabisa." Anapewa swali hili: 5 – 2(x – 3) = 1. Anaandika 5 – 2x – 6 = 1, anapata x = –1, wakati jibu sahihi ni x = 5. Hatua nyingine zote amezifuata vizuri. Kilichomwangusha ni alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano: –2 mara –3 ni +6. Kosa hilo hurekebishwa kwa muda mfupi. Lisipoonekana, litaendelea kumla alama katika kila swali lenye alama ya kutoa mbele ya mabano.

Mwalimu hawezi kuliona kosa kama hilo kwa kusikia maelezo yako. Ataliona ukiandika mbele yake. Kwa hiyo siku ya kwanza kalamu ishike wewe, yeye atazame. Ukikwama, usifute, mwoneshe ulipokwama na useme ulichokuwa unafikiri.

Katika masomo yanayotahiniwa kwa Kiingereza, mweleze pia kama kinachokushinda ni somo lenyewe au ni lugha ya swali. Hayo ni matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake. Uliza kwa Kiswahili ukitaka, ila jibu liandike kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo utakavyotakiwa kufanya katika chumba cha mtihani.

Wapo watakaosema mzazi amelipia kufundishwa, si kuulizwa maswali. Hoja hiyo ina uzito, hasa pale ada ilipopatikana kwa kubana matumizi ya nyumbani. Lakini fundi cherehani hupima kabla ya kukata, na hakuna anayelalamika kwamba kupima kumemchelewesha. Kitambaa kikishakatwa vibaya hakirudi, na wiki zako za kabla ya Novemba hazirudi pia.

Kabla ya kuondoka, kubalianeni siku, saa na ada, na mzazi wako avijue. Mahali pawe pa wazi, ambapo watu wengine wanawaona. Kisha omba maswali matatu ya kosa lililogunduliwa siku hiyo, uyafanye nyumbani bila kusaidiwa. Kipindi cha pili kianze kwa kuyasahihisha.