Lamborghini Alianza na Trekta, Sisi Tumeanza na Shangingi

Makamanda wa Mara, kuna jibu moja la chama tawala limetuchosha. Ukiuliza bei ya shangingi la kiongozi unaambiwa: "Wivu tu huo, vijana hamna magari." Sawa. Leo tuongee magari.

Mwaka 1968 kampuni ya Lamborghini ya Italia ilitoa Espada: viti vinne, injini ya silinda 12, gari la tajiri kusafiria mbali na wenzake kwa kasi na raha. Mpaka inakoma 1978 zilitengenezwa 1,200 na ushee tu. Anasa? Tena sana! Lakini Ferruccio Lamborghini alikuwa mtoto wa wakulima. Baada ya Vita Kuu ya Pili aliunda matrekta kwa mabaki ya magari ya jeshi, akawauzia wakulima, ndipo 1963 akaingia kwenye magari ya kifahari. Na aliyeitaka Espada alitoa hela yake mfukoni.

Sasa njoo Bunda. Mkulima wa pamba bado yuko na jembe la mkono na ng'ombe wa kulimia. Trekta hana. Shangingi la kumtembelea lipo, na mafuta, dereva na matairi analipia yeye, kila anaponunua sabuni dukani.

Eti barabara mbovu! Kutoka Mwanza kupitia Bunda mpaka Musoma ni lami. Na huko vijijini kwenye mashimo, mama mjamzito anapakiwa kwenye bodaboda. Kiongozi ndani ya shangingi halisikii shimo, asilolisikia atalizibaje?

Halafu wanapanga msururu kwenda Butiama kwenye kaburi la Mwalimu. Azimio la Arusha, 1967, lilimkataza kiongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama kilekile kikayalegeza masharti. Zamani mtaani waliitwa Wabenzi. Benzi imeondoka, tabia imebaki.

Hatusemi kiongozi atembee kwa miguu. Tunasema trekta kwanza.

Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Vijana wa Musoma, Bunda na Butiama, nendeni. Muulizeni diwani: halmashauri ina magari mangapi ya namba za SM? Yanakunywa mafuta ya shilingi ngapi kwa mwezi? Trekta ziko ngapi? Jibu litupie kwenye magrupu ya kata yako, watu wapige hesabu wenyewe.