Komeo la Pili Mlangoni

Kila aliyewahi kukaa mbele ya malenga akifundwa utunzi anaijua kauli ya mwanzo ya mwalimu: neno lisilofanya kazi katika mshororo liondoke. Waandishi wa programu za kompyuta nao wana kauli iyo hiyo kuhusu msimbo wao. Leo nataka kuitetea kauli hiyo, kisha niiwekee sharti moja. Ushahidi wangu nitautoa katika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambao leo umo hata ndani ya simu za Android tulizozishika mikononi.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Prosesa hufanya kazi moja baada ya nyingine, lakini vifaa vinavyoizunguka havingoji zamu. Kitufe kikibonyezwa kwenye kibodi, pakiti ya data ikifika kwenye kadi ya mtandao, saa ya ndani ikitimiza muda wake, kifaa husika hupiga hodi. Prosesa huiacha kazi iliyokuwa nayo, humsikiliza mgeni, kisha hurudi pale ilipoishia. Hodi hiyo ndiyo iitwayo katizo, na kipande cha msimbo kinachomhudumia mgeni nitakiita mpokezi.

Hatari huzuka pale mpokezi na kazi iliyokatizwa wanapotumia daftari moja. Daftari lina kufuli, na kufuli lina ufunguo mmoja. Tuseme kazi ya kwanza imeushika ufunguo na inaandika. Mara hodi ikapigwa, mpokezi akaja, naye anautaka ufunguo ule ule. Mpokezi haondoki mpaka aupate, na aliyeushika hawezi kuuachia mpaka mpokezi aondoke. Mashine inaganda. Kinga yake ni komeo: kabla ya kuchukua ufunguo, zuia hodi kwenye prosesa hiyo, na ukimaliza ziruhusu tena. Liko pia komeo la uangalifu zaidi, ambalo kwanza hutazama kama mlango umekwisha kukomewa, hukumbuka hali hiyo, na mwishoni huurudisha mlango kama ulivyokutwa.

Zamani wapokezi wengi wa Linux walifanya kazi mlango ukiwa wazi. Mgeni wa pili aliweza kumkatiza wa kwanza, na wa tatu akamkatiza wa pili. Katika mashine zilizokuwa na kadi za mtandao zenye foleni nyingi, ambazo hodi zake zote zilielekezwa kwa prosesa moja, wapokezi walirundikana mpaka nafasi ya kumbukumbu waliyotengewa ikafurika. Mwaka 2010, katika toleo la 2.6.35, kanuni ikabadilishwa: kila mpokezi aitwe mlango ukiwa tayari umekomewa. Alama ya zamani ambayo mwandishi wa kiendeshi aliitumia kuomba hifadhi hiyo ikabaki haina kazi, na baadaye ikafutwa.

Tangu hapo, komeo lililowekwa ndani ya mpokezi likawa komeo la pili kwenye mlango uliofungwa. Waandishi wakaanza kuliondoa na kuacha ufunguo peke yake. Nasema walikuwa na haki, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni gharama. Kutazama na kukumbuka hali ya mlango ni hatua chache tu, lakini kadi ya mtandao huweza kupiga hodi maelfu kwa maelfu kwa sekunde, na chache mara maelfu si chache tena.

Sababu ya pili inatuhusu zaidi sisi wa lugha, nayo ni maana. Msimbo husomwa na watu. Komeo la pili humwambia msomaji kwamba huenda mlango uko wazi. Humtia shaka juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa, naye akiandika kiendeshi chake huinakili shaka hiyo bila kujua ilianzia wapi. Ni kama shairi ambalo mtunzi amelijaza "kweli" na "hakika" ili mizani itimie. Baada ya beti tatu msikilizaji haziamini tena, hata pale mtunzi anapoapa kwa dhati.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2011, toleo la 2.6.39 lilileta namna nyingine ya kuiendesha Linux. Kwa neno moja la ziada katika maelekezo ya kuwashia mashine, wapokezi karibu wote huhamishwa: hawamhudumii mgeni papo hapo mlangoni, bali kila mmoja hupewa uzi wake wa utekelezaji, akangoja zamu kama kazi nyingine. Katika uhamisho huo jambo moja likasahauliwa, nalo ni kukomea mlango. Mpokezi yule yule, mwenye msimbo ule ule, sasa alifanya kazi huku hodi zikiruhusiwa. Aliyekuwa bado na komeo lake la pili alisalimika. Aliyeondolewa komeo, au aliyeandikwa bila hilo kwa kuiamini kanuni ya 2010, aliushika ufunguo mlango ukiwa wazi. Ilitosha hodi ya saa imkute katika hali hiyo, au katizo jingine litake kuchapisha ujumbe wa kerneli, na mkwamo ukatokea.

Pengo hilo lilidumu takriban miaka kumi. Walioligundua walianza kurudisha makomeo, kiendeshi kimoja baada ya kingine. Mwezi Machi 2021 Thomas Gleixner, mtunzaji wa sehemu hiyo ya kerneli, alikwenda kwenye mzizi wenyewe. Alikiri kwamba jambo hilo lilipitiwa tangu mwanzo, kisha akarekebisha pale wapokezi wanapoitwa: hata ndani ya uzi, mlango ukomewe kwanza. Kanuni ikawa kweli kwa njia zote mbili, na komeo la pili likawa kweli la ziada.

Wapo watakaosema: kumbe, heri kuacha kila komeo mahali pake! Siafiki. Makomeo ya pili ndiyo yaliyolificha pengo. Kila mpokezi aliyekuwa nalo alisalimika kimya, na kimya hicho hakikumfikishia yeyote habari kwamba kanuni ya nyumba imevunjika. Kinga inayorekebisha kosa bila kulitaja humlea mkosaji.

Sharti langu ni hili. Ukaguzi hauwi wa ziada kwa sababu tu haujawahi kukamata kosa. Huwa wa ziada pale ambapo pana mahali pengine, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole, panapotoa dhamana ile ile kwa kila njia ya kufikia mstari huo. Na wajibu wa kupaonyesha ni wa anayeondoa. Asimtake anayebakisha athibitishe kwamba hatari ipo; yeye mwenye kalamu ya kufutia ndiye aonyeshe kwamba dhamana ipo, na njia zote zimehesabiwa, hata ile inayotumiwa na wachache.

Tena si lazima kuchagua kati ya komeo na uchi. Tangu mwaka 2006 kerneli ya Linux ina mkaguzi wa makufuli aitwaye lockdep, na tangu 2017 mwandishi anaweza kuandika mstari mmoja wa tamko: hapa mlango uwe umekomewa. Kwenye mashine ya majaribio, tamko likikutwa si kweli, onyo hutolewa. Kwenye mashine ya kazi mkaguzi huyo hajengwi ndani, kwa hiyo tamko halina gharama. Msomaji naye hapotoshwi, maana mstari unamwambia nini kimeahidiwa badala ya kumtilia shaka.

Sisi tunalo jambo la kufanana na hili nyumbani kwetu. Katika hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mara nyingi irabu e na i zilipewa alama moja, o na u vivyo hivyo, na b ikasimama pia mahali pa p. Msomaji wa leo akikwama kwenye neno, kina na mizani humsaidia kujua lipi lilikusudiwa. Kina ambacho masikioni ni utamu, kwa mhariri wa hati ni mkaguzi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na kuliacha komeo hilo, shairi lilikwisha kuwa ndani ya kitabu kilichopigwa chapa kwa herufi za Kilatini. Ulinzi wa neno ulikuwa umehamia kwenye chapa. Kama utamu nao ulihama, huo ni mjadala mwingine. Ila shairi hilo hilo likitoka kitabuni, likaghaniwa na kupokewa kwa kinywa tu, mlango uko wazi tena, na mpokezi hana komeo.

Basi anayefuta na afute, iwe ni msimbo au mshororo. Ninachomwomba ni mistari miwili ya maelezo kando ya alichofuta: dhamana imehamia wapi, na ni njia zipi alizozikagua kabla ya kuondoa. Atakayekuja baada ya miaka kumi, akiuona mlango umeachwa bila komeo, atajua pa kuanzia kuuliza.