Kuhamisha Mwasumini

Enyi vijana wetu wa Buhare, mwasumini ulioachwa na wazazi aghalabu huuawa na haraka ya mwenye kuuhamisha, wala si uzee wake. Ngojeni mvua zianze, za masika mwezi Machi au za vuli mwezi Oktoba. Chimbeni shimo jipya kwanza. Jioni umwagieni maji, kisha pogoeni theluthi ya matawi. Kwani mizizi iliyokatika haiwezi kuyanywesha majani yote. Uzungusheni jembe mbali na shina, muutoe pamoja na udongo wake, mkiubeba katika gunia. Upandeni kwa kina kile kile cha zamani, mkamwagilia. Majani yakipukutika, msiukatie tamaa: kwaruzeni gome kwa ukucha, likiwa kijani ndani, mti ungali hai.