Radi za Maniema: satelite inaona nini juu ya mawingu?

Radi ikipiga mtu Kasongo ao Kabambare, mara nyingi swali la kwanza ni: nani ameituma? Satelite zinatoa jibu lingine.

Meteosat, iliyo juu yetu karibu kilometa 36.000, inapima joto la kichwa cha wingu. Kadiri wingu linavyopanda, kichwa chake kinazidi kupoa: kikifika digrii 70 chini ya sifuri, kiko karibu kilometa 15 juu. Ndani ya wingu la namna hiyo chembe za barafu zinagongana, na umeme unazaliwa.

Toka 1998 hadi 2013, satelite TRMM ya Marekani na Japani ilihesabu miale ya radi. Kampene, hapa kwetu Maniema, ilikuwa ya pili katika Afrika nzima, nyuma ya Kabare ya Kivu ya Kusini: miale karibu 177 kwa mwaka, katika kila kilometa moja ya mraba. Mchawi gani angeweza kazi hiyo yote?

Basi wandugu, tuache kumnyooshea kidole mzee jirani. Ngurumo ikisikika, toka shambani, usijifiche chini ya mti, ingia nyumbani. Nayo METTELSAT, idara ya serikali ya hali ya hewa, ishirikiane na redio za kwetu, ili onyo lifike kijijini mbele ya mvua.