Moshi wa Tanuri Si Takataka

Wako watu wasemao kwamba elimu ya kugeuza kuni na makaa ya mawe kuwa nguvu ni upuuzi wa wenye vyuo. Husema, "Wazee wetu walichoma mkaa pasipo kitabu." Neno hili siwezi kulinyamazia.

Tazameni tanuri la udongo. Magogo ya ratli 100 mara nyingi hutoa mkaa wa ratli 10 hadi 20 tu. Sehemu ya yale yaliyopotea ni maji. Lakini sehemu nyingine ni gesi iwakayo na mvuke wa lami, navyo twaviacha viende zao angani, huku vikimwumiza mchomaji kifua. Je, hasara hiyo ndiyo urithi wa kujivunia?

Wengine waliuliza maswali. Mwaka 1925 Franz Fischer na Hans Tropsch, katika mji wa Mülheim, Ujerumani, walipata njia ya kufanya mafuta kwa gesi itokayo katika makaa ya mawe. Tena katika vita vya 1939 hata 1945, petroli ilipoadimika, magari mengi ya Uswidi yaliendeshwa kwa gesi ya kuni na ya mkaa.

Sisifu kila tunda la elimu hiyo: mafuta ya makaa ya mawe huchafua hewa ya dunia kuliko petroli. Lakini hilo nalo limejulikana kwa kupima, si kwa kubisha.

Wazee walichoma kwa haja ya kijiji. Sisi twachoma kwa haja ya miji mikubwa kama Dar es Salaam, wala misitu haikuongezeka. Basi, walimu wenzangu, tuwafundishe watoto kupima kuni ziingiazo na mkaa utokao. Aidharauye hesabu hiyo asishangae akikuta visiki mahali pa miti.