Uzamili darasani au mtandaoni: mtumishi wa Songo Mnara apime nini?

Mtumishi wa umma anayefanya kazi katika kisiwa cha Songo Mnara, wilayani Kilwa, huvuka bahari kwanza ndipo aanze safari ya barabara ya takriban kilomita 300 kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam. Kwake, kuchagua kati ya shahada ya uzamili ya darasani na ya mtandaoni ni kuchagua kati ya kuondoka na kubaki kituoni.

Njia ya kubaki si ngeni nchini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria ya Bunge Na. 17 ya mwaka 1992, hufundisha kwa masafa na kina vituo mikoani, kikiwemo cha Lindi. Kwa njia hiyo, mwalimu haachi wanafunzi wake na familia haigharimii makazi ya pili mjini. Gharama yake ni muda: masomo hufanyika usiku baada ya kazi, na asiyejiwekea ratiba huweza kulipa ada miaka mingi bila kukamilisha tasnifu.

Miundombinu nayo ipimwe kwa haki. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliharibu barabara kuu ya kusini katika eneo la Somanga na kukatiza safari kati ya Dar es Salaam na mikoa ya Lindi na Mtwara. Tarehe 12 ya mwezi huohuo, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilizorotesha intaneti nchini. Kwa hiyo, hakuna njia iliyo salama wakati wote. Anayesoma mtandaoni hana budi kupakua maandiko mapema na kutosubiri siku ya mwisho kuwasilisha kazi.

Kigezo kizito zaidi ni fani yenyewe. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya uhifadhi. Kazi ya namna hiyo, ya kutunza kuta za matumbawe na chokaa, hujifunzwa kwa mikono, katika maabara na chini ya jicho la msimamizi. Anayeisomea atanufaika zaidi na chuo chenye mafunzo ya ana kwa ana, kisha arejee kisiwani kwa utafiti wa tasnifu. Anayesomea utawala au usimamizi wa elimu, ambako sehemu kubwa ni kusoma, kuandika na kujadiliana, anaweza kupata ujuzi uleule akiwa kituoni.

Kwa njia yoyote, mambo mawili hutangulia ada. La kwanza ni kuthibitisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwamba chuo na tuzo yake vinatambuliwa, hasa pale programu ya mtandaoni inapotolewa na chuo cha nje. La pili ni idhini ya mwajiri kwa maandishi. Shahada isiyotambuliwa haitamsaidia mtumishi wakati wa kupandishwa cheo, hata kama aliisoma kwa bidii.